Kamera mbili kwa duka la nyavu

Ninauza nyavu, kamba, maboya, nyuzi na taa za sola za kuvulia dagaa pale Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Duka lina mlango mmoja, kaunta moja na stoo ndogo nyuma. Kwa duka la aina hii fundi wa kamera hakai sana: anatazama dari, anatazama kona, kisha anataja seti ya kamera nne pamoja na mashine ya kurekodi, diski, nyaya na ufungaji, vyote kwa bei moja. Mimi nilikuwa na pesa isiyofika laki tano, na uchache wake ndio ulionifanya nikae chini kwanza. Wenzangu wa mwambao huu, wa Mwaloni na hata wa Igombe, wamekuwa wakiniuliza kwa nini nimefunga kamera mbili tu na kwa nini sehemu kubwa ya pesa imeishia kwenye vitu ambavyo mteja havioni. Jibu ni refu kidogo.

Lilianzia kwa jirani yangu anayeuza vipuri. Yeye alikuwa na kamera nne. Alipovunjiwa duka usiku, asubuhi yake tulijazana mbele ya televisheni yake ndogo tukitafuta mwizi. Kamera ya mlangoni ilikuwa juu kabisa, chini ya bati, ikatuonyesha kofia nyeusi na mabega. Ya ubavuni ilionyesha weupe mtupu. Ya tatu ilitazama rafu kwa mbali, unaona mtu anapita lakini huwezi kusema ni kijana au mzee. Ya nne ilikuwa imezimika siku nyingi, adapta imeungua, na hakuna aliyekuwa anaifuatilia. Askari aliyekuja kuchukua maelezo hakuwa na cha kuandika zaidi ya ile kofia. Jirani yangu alikuwa ametumia pesa nzuri, tena ya mkopo, na iliniuma kweli.

Nikarudi dukani nikaandika kwenye daftari la mauzo maswali mawili ambayo ningetaka kamera inijibu siku mambo yakiharibika: nani kaingia, na nini kimepita juu ya kaunta. Kila shilingi niliyotoa baada ya hapo ilibidi ijibu moja kati ya hayo.

Swali la kwanza ni la sura. Kamera ya megapikseli 2, ambayo ndiyo inayouzwa sana kwa bei ya chini, ina nukta 1920 kwa upana wa picha. Nukta hizo hazibadiliki. Kinachobadilika ni upana wa eneo unalozitandazia. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo fundi huifunga kila mahali kwa sababu inaona pana, ikiwekwa mita 5 kutoka mlangoni inachukua upana wa karibu mita 12, hivyo kila mita inapata nukta kama 160. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4, kinataka nukta 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemfahamu. Nukta 25 zinatosha tu kujua kwamba kuna mtu. Kamera hiyohiyo, ikipewa lenzi ya milimita 6, pale mlangoni inachukua upana usiofika mita 5, na kila mita inapata karibu nukta 400. Mlango wangu una upana wa mita moja, sasa hizo mita nyingine za kutazama ukuta zingenisaidia nini? Nikamwambia fundi ninataka lenzi ya milimita 6 kwa ajili ya mlango. Akasema, "Mama, hiyo itakuonyesha mlango tu." Nikamwambia ndiyo ninachotaka.

Kimo nacho. Kamera ikikaa mita tatu na nusu juu unanunua picha za kofia. Yangu iko juu kidogo ya mita 2, mtu mrefu akinyoosha mkono anaigusa, na fundi alihofia wataichezea. Hoja yake ina uzito kwa kamera ya nje. Hii iko ndani, nyuma ya kaunta, na atakayeifikia atakuwa ameshaacha sura yake.

Kabla ya kutoboa ukuta nilifanya jambo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye, maana halina gharama. Nilishika simu mahali hasa pa kamera nikarekodi video, kijana wangu wa dukani akiingia na kutoka. Asubuhi sura ilionekana safi. Saa kumi na moja jioni akawa kivuli cheusi tupu, hata shati halijulikani rangi. Duka langu linatazama ziwa, yaani magharibi, na jua la jioni linaingia moja kwa moja mlangoni likimulika macho ya kamera. Tukaisogeza kona ya kushoto ili itazame mlango kwa mshazari, na nikaongeza pesa kidogo kupata kamera yenye WDR ya kweli, inayosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza ndani ya picha moja. Kwenye boksi nyingi utaona imeandikwa DWDR. Hiyo inang'arisha picha kwa hesabu za programu tu, na kwa mlango unaotazama machweo haifui dafu.

Kamera ya pili iko juu ya kaunta, lenzi ya milimita 2.8, inatazama mikono. Hapa nilichosisitiza ni mwanga. Kukiwa na giza kidogo, kamera inaacha lenzi wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha, na mkono unaohesabu noti unakuwa ukungu. Niliongeza balbu moja ya LED juu ya kaunta, na mabadiliko yake yalizidi yale ambayo ningepata kwa kununua kamera ya megapikseli 5. Nikaweka picha 15 kwa sekunde. Zinatosha kuhesabu noti zikipita, na diski haijai haraka kama kwa picha 25.

Sasa diski, na hapa ndipo biashara ya ziwani inapotofautiana na duka la mjini.

Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Taa ndiyo inayowakusanya dagaa juu ya maji, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu na mitumbwi inapumzika. Siku hizo ndizo wanakuja mjini kununua vifaa, halafu giza likirudi wanaondoka kwenda visiwani. Mteja wangu akikuta kasoro kwenye mzigo, harudi kesho. Anarudi mbalamwezi inayofuata, na mwezi una siku 29 na nusu. Seti ya fundi ilikuja na diski ya GB 500. Hesabu yake ni rahisi: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86 na ushei. Diski ile ingejaa kabla ya siku sita kuisha, kisha mashine ingeanza kufuta za zamani. Kwa mtu anayeuza soda labda inatosha. Kwa mimi ni sawa na kutorekodi kabisa.

Nilichukua mashine inayorekodi kwa H.265, njia ya kubana video ambayo inaipunguza hadi karibu nusu ya ile njia ya zamani, H.264, bila picha kuharibika kwa namna inayoonekana. Kila kamera ikawa kwenye megabiti 1, kamera mbili zikawa GB 21.6 kwa siku, na diski ya TB 1 inanipa zaidi ya siku 40. Ni diski ya kamera hasa, iliyotengenezwa kuandika usiku na mchana, siyo iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Hiyo diski peke yake ilikuwa ghali kuliko kamera zote mbili, na fundi alinitazama kama mtu anayenunua tela kubwa kuliko gari.

Nitaeleza mara moja ilivyolipa. Mzee mmoja wa Ukara alinunua vifungu kumi vya nyavu akavipakia kwenye kiroba, akawahi boti. Mbalamwezi iliyofuata akarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na neno, na sitaki tugombane."

Alikuwa amefungua kiroba kisiwani akakuta vifungu tisa. Kijana wangu alisikia, uso ukambadilika. Aliapa kwamba alihesabu kumi. Mzee hakuinua sauti, alisema tu kwamba alilipa kumi na alivua kwa tisa. Zamani hapo ningebaki kuamua kwa kumtazama mtu usoni, na yeyote ningemkosea asingenisamehe. Nikamuuliza mzee alinunua saa ngapi. Akasema saa tisa, boti ilikuwa karibu kuondoka. Nikaenda kwenye tarehe ile, saa 15:00.

Tukatazama wote watatu. Kijana anatoa vifungu, anavipanga kaunta viwili viwili. Kumi, wazi kabisa. Anaingiza kwenye kiroba. Katikati simu ya mzee inaita, mzee anageuka, kijana anasogeza maboya ili apate nafasi, na kifungu kimoja kinadondoka upande wangu wa kaunta, nyuma ya maboya. Hakuna aliyekiona. Kilikuwa kimerudishwa rafuni baadaye na mtu yeyote kati yetu, kama bidhaa nyingine. Nilimpa mzee kifungu chake nikamwongeza na nyuzi. Kijana alikaa chini kwenye ndoo akajifuta jasho. Ilikuwa dhahiri kwa kila mtu kwamba hakuiba, na kwamba mzee hakusema uongo. Wanaodhani kamera ni ya kukamatia wezi tu wangeona nyuso za wale wawili siku ile.

Nimetaja saa 15:00 kwa sababu. Mashine nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na saa za China, GMT+8, na sisi tuko GMT+3, tofauti ya saa tano. Juu ya hapo, sisi tunasema saa tisa na mashine inasema kumi na tano. Vitu hivyo viwili vikichanganyika, utatafuta tukio siku nzima usilione, na ukiwapelekea polisi video yenye saa ya uongo unaifanya itiliwe shaka. Siku ya kufunga nilisimama na fundi hadi saa ya mashine ikalingana na ya simu yangu, kisha nikabandika karatasi pembeni yenye saa zetu na saa za mashine. Kila mwisho wa mwezi naikagua, maana umeme ukikatika mara nyingi na betri ndogo ya ndani ikachoka, saa inarudi nyuma. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake unapimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa.

Kuhusu kamera za waifai zenye memori kadi sitasema mengi. Kwa kibanda cha mtu mmoja zinafaa. Kwangu zilikuwa na shida mbili: mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi wake, na ukitaka video zitunzwe mtandaoni muda wote, hata kwa megabiti 1 tu, unapakia zaidi ya GB 10 kwa siku kwa kamera moja. Bando la duka dogo kama langu halibebi hilo.

Umeme nao una mambo yake. Kamera zangu mbili na mashine vinakula kama wati 25, yaani uniti 18 za LUKU kwa mwezi, siyo mzigo. Mzigo ni kukatika. Mwizi anayejua kazi yake anasubiri giza la mtaa mzima. Kwa kuwa ninauza vifaa vya sola, nilichukua betri ya volti 12 ya Ah 18 na chaja yake, na vifaa vyote vinatumia volti 12 moja kwa moja, bila inveta ya kupoteza umeme njiani. Fundi aliweka kifaa kidogo cha kusawazisha volti kati ya betri na mashine, kwa sababu betri inayochajiwa hupanda hadi karibu volti 14 na diski haipendi hilo. Napata zaidi ya saa nne bila kuishusha betri chini ya nusu.

Halafu radi. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na nyingi zinapiga usiku hadi alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji yenye joto. Siyo lazima ikupige wewe. Ikipiga karibu, nyaya ndefu za kamera zinaipokea kama antena na kuipeleka hadi kwenye mashine. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, ndio kinga ya kwanza, na Mwanza kila mtu anajua ardhi yetu ilivyo: mawe. Fundi alipiga nondo ya ethi upande wa barabara, ikagota kwenye mwamba kabla haijafika popote, na nondo iliyokaa juu ya mwamba mkavu haipeleki umeme kokote. Tulihamia upande wa chini, karibu na mtaro, ambako udongo una unyevu mwaka mzima, ikashuka yote. Nikaweka vizuia radi vidogo kwenye kila kebo, mwisho unaoingia kwenye mashine. Na nyaya nilizifupisha kadiri ilivyowezekana.

Kebo zenyewe ukizinunua, beba wembe na sumaku. Kwangua waya wa ndani: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Sumaku ikinata, ni chuma. Kebo hizo zitawasha kamera mchana, halafu usiku, taa za infraredi, zile zisizoonekana kwa macho ambazo kamera huzitumia kuona gizani, zikiwaka na kamera ikitaka umeme zaidi, volti inashuka na picha inakatika. Watu wengi wanalaumu kamera na kubadilisha kamera, wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Na ule weupe kwenye kamera ya jirani? Ulikuwa utando wa buibui. Wote tunaoishi hapa tunawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka kama wingu na kujaa kwenye kila taa. Taa ya nje ikiwa karibu na kamera, wadudu wanafuata taa, buibui anafuata wadudu, utando unatandwa mbele ya lenzi, na infraredi ya kamera yenyewe inaumulika hadi picha yote inang'aa. Kama unafunga kamera nje, taa iwe mita kadhaa pembeni, tena ya rangi ya njano, maana haiwavuti wadudu kama nyeupe. Zima infraredi ya kamera kama taa hiyo inatosha. Na fagio laini lipite hapo kila wiki. Usiitegemee mashine irekodi pale inapoona kitu kinatembea tu, kwa sababu wadudu wataijaza matukio ya bure usiku kucha.

Paswedi ibadilishwe siku ileile, mbele ya macho yako, na iwe yako, siyo ya fundi. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu duniani, zikatumika kuangusha huduma kubwa za intaneti, na njia yake kuu ya kuingilia ilikuwa paswedi za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Wakati wa kutazama kwa simu mimi hutumia picha ndogo ya mashine, yaani ile yenye ubora wa chini, bando halishtuki.

Kijana wangu nilimweleza kila kitu kabla ya kufunga: kamera zinaona wapi, zinatunza muda gani, nani anafungua. Hazitazami sehemu anayobadilishia nguo wala anakokula. Mlangoni kuna karatasi inayosema duka lina kamera. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikifanya kazi, na sura ya mteja ni taarifa yake, kwa hiyo hata watu wakiniomba video ya kuchekesha ya mtu aliyeteleza mlangoni siitoi.

Mashine ina nafasi nne na mbili bado ziko wazi. Ya tatu nimeshaamua itazame uchochoro wa nyuma tunaoutumia watatu, mimi, jirani wa vipuri na muuza mafuta ya mitumbwi. Tumekubaliana kuchangia kabla ya mvua za vuli. Kebo itapita kwenye ukuta wa muuza mafuta, ambao hauna taa na uko kivulini jioni, na lenzi tutaipima kwanza kwa simu.